Kuwazalisha siklidi nyumbani: mwongozo kamili, kwa mfano wa Binti Mfalme wa Burundi

Samaki wangu wa kwanza wa Ziwa Tanganyika niliuziwa kama mume na mke. Muuzaji aliwachota kwa wavu mmoja, akawatia kwenye mfuko mmoja, akaniapia kwamba ndani ya miezi mitatu nitakuwa na vifaranga. Nilikaa nao miezi saba. Nilichovuna ni mapezi yaliyochanika na ugomvi usiokwisha, hadi asubuhi moja nikamkuta mmoja anaelea nyuma ya chujio. Nilipomgeuza chini ya taa nikaona kichomozo cha uzazi kimechongoka: dume. Na aliyebaki, dume vilevile.

Tangu siku hiyo sijanunua tena "mume na mke". Siklidi wa aina inayooana kwa jozi huchaguana wenyewe, na anayejifanya mshenga wao huishia kuzika. Kazi yetu ni kujenga nyumba, kuandaa maji, kuleta vijana sita au wanane, kisha kungoja. Lakini kungoja huko kuna kazi zake, na ndizo nitakazozieleza.

Kwanza, ujue unafuga nani

Siklidi ni ukoo mpana. Sato na perege tunaokula ni siklidi, furu wa Ziwa Viktoria ni siklidi, na kuhe, yule mkubwa anayeliwa Kigoma, pia ni siklidi. Desturi zao za uzazi hazifanani hata kidogo. Mbuna wa Ziwa Nyasa hawana ndoa: dume mmoja huzaa na majike kadhaa, na jike hubeba mayai kinywani peke yake. Ukiwaweka wawili wawili, dume atamwandama jike mmoja huyohuyo mpaka amchoshe au amuue. Hao wanataka dume mmoja kwa majike matatu au zaidi, na mwongozo wao ni mwingine.

Mimi nazungumzia wanaooana. Mfano wangu ni Neolamprologus brichardi, ambaye wafanyabiashara wa samaki wa mapambo humwita Binti Mfalme wa Burundi. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akivua na kusafirisha samaki wa ziwa hilo kutoka Bujumbura. Ni samaki wa sentimita 8 hadi 10, rangi ya kahawia iliyopauka, mapezi yenye ukingo mweupe unaoelekea buluu, na mkia wenye ncha mbili ndefu kama wa mbayuwayu. Kwa mbali hana makeke. Msogelee utaona jicho la buluu na vijimstari vya rangi hiyohiyo usoni, kama aliyepakwa wanja na fundi.

Ana ndugu yake wa karibu mno, Neolamprologus pulcher, na wawili hao huzaliana wakikutanishwa. Watazame kwenye kifuniko cha matamvua: brichardi ana alama nyeusi inayotoka jichoni ikakutana na mstari wa wima, kama herufi T iliyolazwa, pulcher ana miezi miandamo miwili myeusi iliyosimama sambamba. Usiwachanganye. Vifaranga vya mchanganyiko havina jina, na mtu makini hatavitaka.

Hatua ya kwanza: nyumba

Tangi la urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo 40 linatosha familia moja. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni lita 128. Mawe na mchanga vikishaingia hubaki kama lita 100. Fundi vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea, ila simamia mambo mawili. Kioo kiwe cha milimita 8. Silikoni iwe ya kawaida, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana zile za bafuni zenye dawa huua samaki. Na usiliweke juu ya meza ya plastiki: likijaa litakaribia kilo 180.

Mawe yanatangulia, mchanga unafuata. Wengi hufanya kinyume, na samaki hawa ni wachimbaji. Wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe huporomoka, likampata samaki au likapata kioo. Laza kwanza kipande cha plastiki laini sakafuni, panga mawe mpaka ukiyatikisa kwa mkono hayachezi, ndipo umwage mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe, kina cha sentimita 4 hivi.

Panga vichuguu viwili vya mawe, kimoja kila upande, katikati pawe wazi. Uwazi huo ndio mpaka. Jozi ikishika upande mmoja, wengine wana mahali pa kukimbilia.

Kwa sisi wa pwani, jiwe zuri ni la matumbawe ya kale, lile la kujengea nyumba. Lidondoshee siki: likitoa povu jembamba linalochemka taratibu, lina chokaa, na chokaa ndiyo tunayoitaka, kwa kuwa inaongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake. (Usiende kung'oa matumbawe hai baharini, kipande cha ukuta uliobomoka kinatosha.) Jiwe lisilotoa povu nalo linafaa kujengea pango, mradi halina kutu wala michirizi ya madini.

Pango bora kuliko yote niliyowahi kuweka ni chetezo. Chetezo kipya cha udongo, kisichopakwa rangi wala kufukiziwa udi, kimelazwa ubavu, mdomo umeelekea ukutani na umezibwa nusu kwa jiwe. Ndani kuna giza, juu kuna dari ya kubandika mayai. Vigae vya chungu kilichovunjika vinafaa pia. Vifuu vya nazi waachie wenye samaki wa maji laini, kwa sababu hutoa rangi na kuyavuta maji kwenye uchachu.

Hatua ya pili: maji

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana pH (kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) inayokaribia 9. Nyumbani, pH kati ya 8 na 8.8 na joto la nyuzi 25 hadi 27 yanatosha kabisa. Kutulia kwa maji kuna maana kuliko kufikia tarakimu fulani. Nimeona watu wakikimbizana na pH kila jioni kwa madawa. Samaki wao hawatagi, wanapumua juujuu tu.

Anza kwa kupima maji yako yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji magumu, mengine yenye chumvi ya kuonjeka, na hayo ya chumvi yaache. Maji ya bomba ya Nairobi ni laini na lazima yaongezwe ugumu. Njia rahisi ni mawe ya chokaa ndani ya tangi, na kwenye maji mapya kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, cha baikaboneti ya soda kwa kila lita 20. Ni ule unga mweupe wa keki usio na mchanganyiko. Hamira siyo, bekingi pauda siyo, na magadi ya kulainishia maharage siyo. Uyeyushe kwenye ndoo, kamwe usiumwage juu ya samaki, na fikia kiwango hicho polepole kwa wiki mbili.

Maji ya bomba yakae kwenye ndoo iliyo wazi yakipigwa hewa kwa siku nzima ili klorini itoke. Anayechota kwenye simtanki naye asiruke hatua hii.

Kisha chujio. Tumia la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa: rahisi, halifyonzi vifaranga, na umeme ukikatika unaweza kuliunganisha na pampu ya betri. Liwashe, tia chembe chache za chakula kila siku bila samaki yeyote ndani, na ungoje wiki nne hadi sita mpaka sponji liote bakteria wa kusafisha maji na vipimo vya amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, visome sifuri. Ukipata sponji kuukuu kutoka tangi la rafiki lenye afya, muda huo hupungua sana. Hatua hii haina njia ya mkato kwa siklidi wa Tanganyika, na sababu ni ya kikemia: kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia, hapa kinaua.

Kuhusu joto, Arusha, Mbeya na Nairobi hita ni lazima. Dar tatizo ni kinyume. Mwezi wa Januari maji hupanda hadi nyuzi 30, na dawa yake ni kufunua kifuniko na kuelekeza feni ndogo juu ya maji. Watapiga kelele nyumbani kuhusu bili. Eleza tu kwamba ni ya muda.

Hatua ya tatu: walete wakiwa vijana

Nunua sita hadi wanane, wa sentimita 3 hivi, ikiwezekana kutoka kwa wazazi tofauti. Angalia wanavyokula dukani, angalia mapezi yamefunguka, angalia tumbo halijabonyea. Usihangaike kutambua dume na jike. Katika umri huo hakuna ajuaye, na anayesema anajua anauza.

Usiende kuwavua mwenyewe ziwani. Uvuvi wa samaki wa mapambo unahitaji kibali.

Walishe kidogo mara mbili kwa siku, badilisha robo ya maji kila wiki, na endelea na maisha yako. Watachukua miezi mingi, wengine karibu mwaka, kufika umri wa kuoana. Chakula cha unga cha dukani kinafaa, lakini mimi huongeza uduvi mkavu. Nauosha kutoa chumvi, naukausha, nausaga. Rangi ya samaki huamka ndani ya wiki chache. Dagaa wa Kigoma asiyetiwa chumvi akisagwa naye ni mzuri, mradi umpepete kutoa mchanga. Moyo wa ng'ombe, ambao wengine huusifu, mimi siutii. Mafuta yake ni mazito kwa tumbo la samaki.

Hatua ya nne: siku ya kuoana, na usiku unaofuata

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza samaki, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki kadhaa kabla, kundi lililokuwa likiogelea pamoja huanza kugawanyika. Mmoja anakaa karibu na chetezo kuliko wengine. Akija mwenzake anafukuzwa. Akija mwingine anafukuzwa. Halafu siku moja anakuja fulani naye hafukuzwi. Huyo ndiye. Wanasimama ubavu kwa ubavu mbele ya mlango, mmoja anainamisha kichwa na kutetemesha mwili mzima kama aliyeshikwa na baridi, mwingine anaingia, anatoka na mchanga mdomoni, anautema pembeni. Wanachimba. Ukiona wawili wanachimba shimo moja bila kugombana, ndoa imefungwa.

Sasa tazama juu. Wale waliobaki watakuwa wamejikunyata kwenye kona, chini ya uso wa maji, nyuma ya hita au bomba la chujio, mapezi yamebanwa. Watoe siku hiyohiyo. Mara ya kwanza niliwaona saa mbili usiku, nikajiambia nitawatoa asubuhi. Asubuhi nilikuta wawili wamekufa na wa tatu hana mkia. Lita 100 kwetu ni nyingi. Kwa jozi yenye eneo lake ni chumba kimoja.

Kwa hiyo kabla ya siku hiyo uwe na mahali pa kuwapeleka: tangi la pili, au rafiki aliyekubali mapema. Kuwavua katikati ya mawe ni shida, basi zima taa, ngoja dakika ishirini, washa tochi na uwachote wakiwa bado wamezubaa.

Ikitokea dume anamshambulia jike hata baada ya wengine kuondoka, weka kizuizi cha wavu wa plastiki katikati waonane bila kufikiana. Baada ya wiki moja panga mawe upya, kisha utoe kizuizi. Nyumba ikibadilika sura hakuna mwenyeji, na mara nyingi wanaanza kwa heshima. Wasipopatana mara ya pili, watenganishe kwa heri.

Wakati huu ndipo jinsia inaweza kuthibitishwa. Dume kwa kawaida ni mkubwa kidogo na ncha za mkia wake ni ndefu. Kichomozo cha uzazi cha dume kimechongoka, cha jike ni kipana na butu. Najua majike wawili walioishi kama jozi na kutaga mayai yaliyogeuka meupe yote, kwa hiyo kuchimba pamoja peke yake hakutoshi kuwa ushahidi.

Hatua ya tano: mvua ya kutengeneza

Jozi iliyotulia inaweza kutaga bila kuombwa. Ikichelewa mwezi au miwili, isukume hivi.

Kwa wiki mbili, walishe vizuri zaidi, hasa vyakula hai. Viluwiluwi vya mbu ndivyo bora na ni vya bure: ndoo ya maji uani, kivulini, itajaa ndani ya wiki. Vuna kila siku bila kukosa, na ukisafiri mwaga ndoo, usije ukawafugia majirani malaria. Jike atajaa tumbo.

Kisha, iwe kama mvua imenyesha, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji mapya yaliyo baridi kwa nyuzi mbili hivi kuliko ya tangi, ukiyamimina polepole. Rudia baada ya siku tatu. Kwangu mimi imefanya kazi mara nyingi kuliko kushindwa, hasa nikiifanya jioni na kuzima taa mapema.

Baada ya hapo, waache. Usihamishe mawe, usichungulie kwa tochi kila nusu saa, na waombe watoto wa nyumbani wasigonge kioo. Jozi iliyoshtuka hula mayai yake.

Hatua ya sita: mayai na vifaranga

Mayai hutayaona, yamebandikwa ndani ya pango. Utakachoona ni kwamba jike amepotea, na akitokea kuja kula tumbo limesinyaa. Dume amesimama mlangoni na anauma hata mkono wako. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, vifaranga hubaki wamejibandika wakila kiini cha yai, na kwenye siku ya nane hadi ya kumi hivi utaona vijidoa vyenye macho vikielea sentimita moja juu ya mawe.

Siku hiyo wanahitaji chakula chenye chembe ndogo kuliko unga wowote wa dukani. Kilicho bora ni atemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, waliototolewa upya. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze kichwa chini, tia lita moja ya maji na gramu 25 hadi 30 za chumvi, mayai ya atemia nusu kijiko cha chai, na mrija wa hewa ufike mpaka chini kwenye shingo. Kwa nyuzi 27, saa 24 hadi 36 zinatosha. Zima hewa dakika kumi: maganda yanapanda juu, atemia wa rangi ya chungwa wanakusanyika chini. Wavute kwa mrija, wapitishe kwenye kitambaa chepesi, suuza chumvi, na uwapulizie vifaranga kwa bomba la sindano karibu na mawe. Anza kuandaa chupa siku mayai yanapotagwa, siyo siku vifaranga wanapoogelea.

Mayai yakitoweka uzazi wa kwanza, hata wa pili, usiguse kitu. Wazazi wapya wanajifunza. Yakigeuka meupe kila mara, rudi kwenye suala la jinsia.

Badilisha maji kidogokidogo, asilimia kumi kila baada ya siku mbili, kwa mrija mwembamba uliofunikwa soksi.

Hatua ya saba: usiwatoe watoto

Kwa siklidi wengine ningekuambia uwahamishe vifaranga. Kwa huyu, hapana. Baada ya wiki kadhaa wazazi hutaga tena, na watoto wa kwanza, sasa sentimita moja na nusu, hawafukuzwi. Wanabaki kulinda wadogo zao. Watafiti wameueleza ulezi huu wa ukoo tangu miaka ya 1980, lakini hakuna maelezo yanayolingana na kuuona kwenye sebule yako. Kaka mtu mwenye urefu wa ukucha anaingia kwenye chetezo, anatoka na chembe ya mchanga moja tu mdomoni, anaipeleka hadi mpakani, anaitema, anarudi. Mdogo wake akipotea njia, anasogezwa nyumbani.

Hili ndilo linalopotea kwa mtu anayekimbilia kuhesabu na kuuza.

Nafasi itaisha. Dalili ni ileile ya mwanzo: wachache wamejikunyata kwenye kona ya juu, mapezi yamebanwa. Hao wamefukuzwa ukoo. Watoe, uwape wafugaji wengine ukiwatajia jina kamili la samaki na kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ili watafute damu nyingine. Kamwe usiwaachie mtoni, mtaroni wala bwawani.

Wakati wa kuwasafirisha, wanyime chakula siku moja kabla. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, kila samaki mkubwa mfuko wake, mfuko ndani ya mfuko, pembe za chini zifungwe kwa raba asije akabanwa humo. Funika na gazeti wakae gizani. Na mwambie anayepokea asiwanunulie mchumba.